Josephine Cochran: mjane aliyeunda mashine ya kuosha vyombo

Jioni ikiingia katika mwambao wetu wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, kuna kazi ambayo huwa haijaisha. Ugali na usipa vimeliwa, wazee wamekaa nje wanapunga upepo, lakini beseni la masufuria linateremshwa ufukweni kichwani mwa msichana. Huko atasugua masizi kwa mchanga, miguu ikiwa majini, mpaka giza liingie. Kule juu Umatengo, upande wa Litembo na Maguu, ziwa halipo, ila kuna kijito au bomba la kijiji. Kazi ni ileile, tena maji ya asubuhi ya mwezi wa saba huko milimani ni baridi kiasi cha kufisha vidole ganzi.

Kazi hii haina mshahara, na mara nyingi haihesabiwi kuwa kazi. Leo tunasimulia maisha ya mwanamke wa Marekani aliyeiona kuwa kazi, akaitafutia mashine. Aliitwa Josephine Cochran, na mashine zinazojengewa leo ndani ya makabati ya jikoni zimetokana na wazo lake. Tunamsimulia kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo wengi wanaojenga nyumba Mbinga mjini baada ya msimu wa kahawa wanaanza kujiuliza: je, mashine hii inaweza kufanya kazi katika nyumba yangu?

Binti wa mhandisi

Josephine Garis alizaliwa tarehe 8 Machi 1839 katika jimbo la Ohio. Baba yake, John Garis, alikuwa mhandisi aliyesimamia vinu na mashine za kupasulia mbao. Katika ukoo wa mama yake alikuwamo John Fitch, mmoja wa watu wa kwanza Marekani kuendesha boti kwa nguvu ya mvuke. Kwa hiyo msichana huyu alikulia katika mazungumzo ya magurudumu na maji yanayosukuma mashine. Hata hivyo, hakusomea uhandisi. Enzi hizo milango ya vyuo vya ufundi haikuwa wazi kwa wasichana.

Baadaye alihamia mji mdogo wa Shelbyville, katika jimbo la Illinois. Mwaka 1858, akiwa na miaka 19, aliolewa na William Cochran. Bwana huyu alikuwa amerudi kutoka California, alikokwenda kutafuta dhahabu kama vijana wengi wa wakati ule, na kama wengi wao alirudi mikono mitupu. Lakini biashara ya vitambaa aliyoianza Shelbyville ilimnyanyua. Wakapata watoto wawili, wa kiume na wa kike. Yule wa kiume alifariki akiwa bado mdogo.

Sahani zilizokuwa zikivunjika

Miaka ya 1870 familia ya Cochran ilikuwa inaishi katika nyumba kubwa na kupokea wageni wengi. Wageni waliandaliwa chakula katika sahani za kauri ambazo familia ilizirithi na kuzithamini sana. Baada ya karamu, watumishi walizikusanya na kuziosha kwa mkono. Baadhi zilirudi kabatini zikiwa zimemeguka pembeni.

Josephine alikasirika. Akawaondoa watumishi kwenye kazi hiyo akaanza kuosha sahani zake mwenyewe. Haikuchukua muda kabla hajachoka. Hapo ndipo alipojiuliza kwa nini hakuna mashine ya kufanya kazi hiyo, wakati tayari zilikuwapo mashine za kushonea nguo na za kukatia nyasi.

Hapa tusimpambe. Hakuanza kwa kuwahurumia watumishi. Walikuwa wakiosha vyombo vyake kwa miaka, na uchovu wao haukumfanya atafute mashine. Kilichomgusa kwanza ni sahani zilizomeguka, na cha pili ni mikono yake mwenyewe ilipoingia kwenye maji. Tunadhani sehemu hii ya maisha yake ina funzo kwa kila nyumba ambayo anayeosha vyombo si yule anayepanga matumizi ya fedha.

Mume afariki, deni labaki

Mwaka 1883 William Cochran alifariki. Mjane wake alikuta zimebaki fedha taslimu zipatazo dola 1,500 na madeni makubwa kuliko hizo. Nyumba kubwa na jina kubwa havikulipa deni. Mashine iliyokuwa wazo la mama wa nyumba tajiri ikawa sasa njia ya kutafuta riziki.

Alifanyia kazi katika banda la kuni nyuma ya nyumba. Alipima vyombo vyake kimoja kimoja: sahani, vikombe na visosa. Kisha akatengeneza matundu ya waya, kila tundu kwa kipimo cha chombo chake, ili vyombo visigongane. Matundu hayo yaliwekwa kwenye gurudumu lililolala ndani ya pipa la shaba. Gurudumu lilipozungushwa, maji ya moto yenye sabuni yalirushwa kwa nguvu juu ya vyombo, kisha yakafuata maji ya moto safi ya kusuuzia.

Watu wengine walikuwa wamejaribu kabla yake. Mwaka 1850 Joel Houghton alipata hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, kwa kifaa cha mbao kilichorushia vyombo maji kwa kuzungusha mkono. Hakikusafisha vizuri. Tofauti ya Cochran ilikuwa katika mambo mawili: kila chombo kilishikwa mahali pake, na nguvu ya maji ya moto ndiyo iliyoondoa uchafu badala ya kusugua.

Alihitaji mafundi wa kukata na kuunga vyuma, na hapo alipata taabu. Wanaume aliowaajiri walitaka kufanya kwa njia yao, kwa sababu walijua hajasoma ufundi. Walibadili tu pale njia yao iliposhindwa, na gharama za kushindwa huko alizilipa yeye. Aliyemsikiliza ni fundi mmoja aitwaye George Butters, ambaye baadaye alikuja kuwa msimamizi wa kiwanda chake.

Tarehe 28 Desemba 1886 alipewa hataza namba 355,139. Siku mbili baadaye, tarehe 30 Desemba 1886, Ujerumani na Ureno zilitia saini tamko la kugawana nchi kwa kuufuata Mto Ruvuma, na mstari huo ukaelekea magharibi hadi Ziwa Nyasa. Ndiyo chanzo cha mpaka wetu na Msumbiji, pale kusini ya Mbamba Bay kuelekea Chiwindi. Wakati babu zetu wa mwambao wakigawiwa mpaka bila kuulizwa, mjane wa Shelbyville alikuwa anashika karatasi yake ya kwanza ya haki.

Kuvuka ukumbi wa hoteli peke yake

Hataza haikuwa fedha. Cochran alitafuta wenye mitaji, lakini wengi walitaka kampuni iongozwe na wanaume. Alikataa. Akaamua kuuza mwenyewe, na wateja wake wa kwanza hawakuwa majumbani bali katika hoteli kubwa za Chicago.

Hoteli ya Palmer House ilikuwa ya kwanza kununua. Kisha akaenda Sherman House. Baadaye alisimulia kwamba kuvuka ukumbi wa hoteli hiyo peke yake lilikuwa jambo gumu kuliko karibu yote aliyowahi kufanya. Mwanamke wa heshima wa enzi hizo hakuingia mahali kama pale bila baba au mume, na yeye alihisi angeanguka kwa woga. Hakuanguka. Alitoka na oda ya dola 800.

Mwaka 1893 yalifanyika Maonyesho ya Dunia mjini Chicago. Mashine 9 za Cochran ziliosha vyombo katika migahawa ya maonyesho hayo, na majaji wakampa tuzo kwa ubora wa uundaji na uimara wake. Baada ya hapo oda zilitoka kwa mahoteli, mahospitali na vyuo. Mwaka 1898 alifungua kiwanda chake. Mjane aliyeachiwa deni sasa alikuwa mwajiri.

Kwa nini akina mama wenzake hawakuinunua

Cochran alitamani mashine yake iingie majumbani. Humo hakufanikiwa, na sababu zake zinatuhusu moja kwa moja.

Kwanza, maji ya moto. Mashine ilitaka maji mengi yenye moto mkali, na nyumba nyingi za Marekani wakati huo hazikuwa na chombo cha kuyachemsha kwa wingi. Jiko lililotosha kupika halikutosha kulisha mashine.

Pili, aina ya maji. Sehemu nyingi zilikuwa na maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, ambayo hayatoi povu la sabuni.

Tatu, bei. Hoteli ilirudisha fedha zake kwa sababu ilikuwa ikiwalipa waosha vyombo na kupoteza sahani kila siku. Nyumbani anayeosha halipwi, kwa hiyo baba mwenye nyumba hakuona ni kitu gani anaokoa. Uchovu wa mke haukuandikwa katika daftari la matumizi.

Nne, akina mama wengine walisema hawachukii kuosha vyombo, na kwamba ni muda wa kutulia baada ya siku ndefu. Kampuni ikabadili hoja yake. Ikaeleza kwamba mashine hutumia maji ya moto kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuvumilia, na joto hilo huua vijidudu.

Josephine Cochran alifariki Chicago mwezi Agosti 1913, akiwa na miaka 74, na akazikwa Shelbyville. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vilifika katika ziwa letu, meli ya Waingereza iliposhambulia meli ya Wajerumani pale Liuli, ambapo wao walipaita Sphinxhafen. Mwaka 1926 kampuni ya Hobart ilinunua kampuni aliyoiacha. Mwaka 1949 ikatoka mashine ya nyumbani yenye jina la KitchenAid, na katika miaka ya 1950, nyumba za Marekani zilipokuwa na mabomba, umeme na hita za maji, ndipo ndoto ya Cochran ilipoanza kutimia. Mwaka 2006 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa nchi yake.

Mashine haikuwa na kosa kubwa. Ilitangulia kufika kabla ya bomba na maji ya moto.

Nyumba yako iwe na nini kwanza

Sasa turudi Mbinga. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea, na mkoa wetu ukaanza kuachana na majenereta ya dizeli. Vijiji vingi vimefikiwa na nguzo. Wapo wanaojenga nyumba zenye jiko la ndani, na wapo wenye nyumba za wageni Mbamba Bay wanaofikiria mashine ya kujengewa ndani ya kabati. Kabla ya kuinunua, pitia mambo haya pamoja na fundi bomba na fundi umeme.

Nafasi. Mashine nyingi za kujengewa zina upana wa sentimita 60, na ndogo ni sentimita 45. Kimo chake ni kama sentimita 82 hadi 87, hivyo kaunta ijengwe kwa kipimo hicho. Iwekwe karibu na sinki, kwa sababu maji ya kuingia na ya kutoka yote yapo pale.

Nguvu ya maji. Mashine za leo hutumia lita 10 hadi 15 kwa mzunguko mmoja, yaani chini ya ndoo moja ya lita 20. Maji si mengi, lakini yanatakiwa kuja kwa msukumo. Kila mita 1 ya urefu wa tangi juu ya mashine huleta msukumo wa sehemu 1 ya 10 ya bar. Mashine ikiandikwa kwamba inataka nusu bar, tangi liwe juu yake kwa mita 5. Tangi lililowekwa kwenye jukwaa fupi halitoshi bila pampu. Maji yachujwe pia, maana mchanga na tope la masika huziba koki ya ndani. Fundi aweke koki ya kufungia peke yake kwa ajili ya mashine.

Maji machafu. Mpira wa kutolea maji upandishwe kwanza hadi chini ya kaunta, ndipo ushuke kwenye bomba la sinki. Ukilazwa chini moja kwa moja, uchafu wa sinki unaweza kurudi ndani ya mashine. Na bomba hilo liishie kwenye shimo la maji taka. Lisiishie uani, wala kwenye mfereji unaoteremka ziwani.

Umeme. Hita ya mashine hutumia wati 2,000 hivi. Sola ndogo ya taa na kuchajia simu haiwezi kuiendesha. Soketi iwe na waya wa ardhi uliofungwa kweli, kwa sababu maji na umeme viko sehemu moja, na isifichwe nyuma ya mashine mahali usipoweza kuifikia.

Kusimamisha. Fundi atumie pima maji, arekebishe miguu mpaka mashine ikae sawa, kisha aifunge kwa skrubu kwenye kaunta. Isipofungwa, ukifungua mlango na kuvuta tundu lililojaa sahani inaweza kuinama mbele. Kabla ya kuziba kabati, iendesheni mara moja ikiwa tupu na mwangalie kama kuna tone linalovuja.

Kuna mambo ambayo muuzaji anaweza asikwambie. Mashine hutaka sabuni yake maalumu. Ukitia ile ya kawaida ya kuoshea vyombo, povu litafurika sakafuni. Sufuria za alumini hupauka na kuwa nyeusi humo. Mwiko na bakuli la mti hupasuka. Na masizi ya kuni hayatoki. Nyumba inayopikia kuni kwenye mafiga bado itakuwa na msichana anayesugua nje, hata mashine ikiwa ndani.

Tunachoweza kuchukua bila mashine

Ukiondoa gurudumu na pipa la shaba, Cochran alikuwa na kanuni chache: kila chombo mahali pake, maji ya moto, kusuuza kwa maji safi, kisha chombo kikauke chenyewe. Kanuni hizo hazihitaji umeme.

Kila kaya inaweza kuwa na mabeseni mawili, moja la maji ya moto yenye sabuni na moja la kusuuzia. Vyombo vianikwe kwenye kichanja juani, badala ya kufutwa kwa kitambaa kilichoshinda jikoni. Wazee wetu watakumbuka kwamba mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita redioni, na watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi kuisikiliza na kujadili magonjwa kama malaria, kuhara na kichocho.

Kichocho bado kipo nasi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama ziwani, hata kama hana kidonda. Kila jioni msichana anapoosha masufuria miguu ikiwa majini, anajiweka katika hatari hiyo. Ni salama zaidi kuteka maji na kuoshea juu, mbali na ufuko. Maji yaliyochemshwa, au yaliyohifadhiwa siku 2 kwenye chombo kilichofunikwa, hayana hatari hiyo ya kichocho. Mtoto anayekojoa damu apelekwe kituo cha afya. Dawa ipo.

Kuteka maji na kuyapandisha ni kazi pia, na kuni za kuyachemsha hazijileti. Ukimwambia msichana yuleyule aoshee juu bila kumpunguzia kitu, umemuongezea mzigo. Kaka yake anaweza kubeba ndoo. Baba anaweza kujenga kichanja kwa miti na kamba katika mchana mmoja.

Bibi Cochran hakuiona kazi ya kuosha vyombo mpaka alipoifanya mwenyewe. Kabla hujapanga nyumba yako mpya, au kabla hujapanga fedha za kahawa za msimu huu, chukua beseni jioni moja uoshe vyombo vya nyumba nzima. Kisha kaeni pamoja, na msichana wa nyumba akiwamo, muamue kitangulie nini: tangi, shimo la maji taka, kichanja au mashine.